Viatu Vilivyotazama Ukuta

Mwanamke yule aliingia Ijumaa saa tisa na nusu alasiri, wakati ambao hakuna mteja aliyetarajiwa. Nilikuwa na uhakika huo kwa sababu kalenda yetu ya mtandaoni ilikuwa nyeupe kuanzia saa tisa mpaka kufunga, na mimi ndiye niliyeiacha nyeupe kwa makusudi, ili nipate mahali pa kuvuta pumzi. Alisimama akiwa ameshika mwimo wa mlango. Mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya kiatu cha kawaida, cheusi, kilichopigwa rangi vizuri. Wa kushoto ulikuwa kwenye kandambili iliyobebeshwa vipande vitatu vya soli kuukuu, vyote vimefungwa pamoja kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

"Hodi hapa," alisema. "Nimefuata kiatu changu."

Nikamkaribisha kwenye benchi, nikamwomba jina, nikaliandika kwenye tableti. Hakuna. Nikaandika namba yake ya simu. Hakuna. Kigurudumu kidogo kikazunguka kwenye kioo, kikatulia, kikaniambia kwa adabu kwamba hakuna kadi inayolingana.

"Labda ilikuwa karakana nyingine, mama?"

Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma baadaye. Aliinua macho akautazama ukuta wa rafu kama mtu anayetafuta ndugu yake kwenye umati. "Ni hapa hapa, binti. Nilikaa kwenye benchi hili. Yule mzee alinipima mara tatu mpaka nikamwambia, baba, mguu hauongezeki kwa kupimwa."

Nyuma ya mashine ya kusaga soli, Gundi alicheka. "Basi ni hapa. Hakuna mwingine anayepima mara tatu."

Karakana yetu hutengeneza viatu vya watu ambao miguu yao hailingani. Kuna mwenye mguu mmoja mfupi, kuna mwenye unyayo uliopinda, kuna mwenye vidole vilivyokatwa. Fundi mkuu ni mjomba wangu, kaka yake mama, na ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja. Msaidizi wake ni mtu wa makamo tunayemwita Gundi, kwa sababu ndiye anayebandika soli, na pia kwa sababu akianza hadithi hubanduki. Mimi nilikuja miezi saba iliyopita na shahada yangu ya utunzaji wa kumbukumbu. Mama alisema ni kwa muda tu, nisikae nyumbani nikizeeka mbele ya televisheni.

Wiki yangu ya kwanza nilimwona mjomba akitoa mfukoni kikaratasi kilichofuliwa pamoja na shati. Alikikunjua, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama mbele na nyuma, akasema, "Huyu alikuwa anataka kitu fulani."

Sikuweza kuiondoa sentensi hiyo kichwani. Mahali fulani kulikuwa na mtu mwenye mguu unaouma, na kilichobaki cha shida yake kilikuwa ni rangi ya bluu iliyovuja kwenye karatasi. Nilijiambia kwamba nikiwepo mimi, hakuna tena mtu atakayegeuka kuwa "huyu". Nilikuwa na miaka ishirini na nne na niliamini kwamba watu husahauliwa kwa sababu hakuna aliyewapangia safu yao.

Basi nikapanga safu. Nilifungua ubao wa kazi mtandaoni, wa bure, wenye nguzo nne: Kupimwa, Kuundwa, Kujaribiwa, Kumalizwa. Kila mteja akapata kadi, na kila kadi ikapata tarehe, picha na namba. Kalenda ikaunganishwa na ubao, ubao ukaunganishwa na ujumbe wa simu, hivi kwamba kadi ikisogezwa kwenye nguzo ya Kujaribiwa, mwenye kiatu anapata ujumbe hapo hapo: njoo ukijaribu. Nilichapisha namba kwenye vibandiko vidogo, nikavibandika visiginoni. Nilimpa mjomba tableti yake mwenyewe, yenye jalada la ngozi aliloshona Gundi. Mjomba alishukuru sana. Akaitumia kukandamizia viraka visikunjamane.

Kufikia mwezi wa nne nilikuwa nimechoka namna ambayo sikuwa nimechoka hata wakati wa mitihani. Simu yangu ilitetemeka asubuhi kunikumbusha kuutazama ubao, ikatetemeka mchana kunikumbusha kwamba sikuutazama, ikatetemeka jioni kunionyesha mambo kumi na manne yaliyochelewa. Nilikuwa na orodha ya kupunguza orodha. Gundi alinibatiza jina la Madam Kalenda. Akitaka kwenda msalani husema, "Madam, naomba uniwekee miadi."

Kilichonichosha zaidi ni kadi nyekundu. Kadi ikipitisha siku zake kwenye nguzo ya Kuundwa hugeuka nyekundu, na nyekundu zilizidi kuongezeka.

"Mjomba, namba hamsini na nane kimefika wapi?"

"Kipo."

"Kipo wapi?"

"Kipo panapostahili."

Nilishusha pumzi, naye akashusha yake, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Nilidhani anachelewa na hataki kukiri. Yeye, kama nilivyokuja kujua, alidhani ninafahamu kila kitu na wateja ndio walioacha kuthamini kazi ya mkono. Hatukugombana. Tulichokana tu, polepole, kama watu wa nyumba moja.

Ndipo nikaweka kanuni. Ubao ule una sehemu ya kanuni, unauambia ukiona hili fanya lile, nao unafanya bila kukuuliza. Nikauambia: kadi ikikaa nyekundu siku arobaini bila kuguswa, iondoe mbele ya macho, ipeleke ghalani. Viatu vyenyewe nikavitia kwenye sanduku stoo, ili rafu nazo zipumue. Nilisema nitavirudia mambo yakitulia. Kesho yake ubao ulikuwa safi, kijani na nyeupe, na usiku huo nililala vizuri mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Sasa, mwanamke yule akiwa kwenye benchi, nilifungua ghala. Nilikuta kadi kumi na mbili. Ya kwake ilikuwa ya saba. Namba hamsini na nane, mguu wa kushoto, kuinua sentimita tano. Haijaguswa kwa siku sabini na moja.

Nilikwenda stoo nikachakura sanduku, nikarudi nacho. Kilikuwa kiatu kisichomalizika: umbo la ngozi juu, na chini yake tabaka za sponji ngumu zilizobandikwa na kuchongwa lakini bado hazijavikwa ngozi. Mjomba alitoka chumba cha ndani akijifuta mikono kwenye aproni. Alimtambua mwanamke kabla hajautazama uso wake, kwa namna alivyokaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona ulitutupa?"

"Nilisubiri mniite. Uliniambia utaniita."

Mjomba alikichukua kiatu mikononi mwangu, akakigeuza. "Hiki nilikimaliza hatua ya kwanza siku nyingi. Nikakigeuza pua nje. Kila nikija asubuhi nakuta kimerudi, mwisho hata rafuni hakipo. Nikasema ni Gundi anavigusa akitafuta nyuzi zake."

"Mimi tena?" alisema Gundi. "Mimi nilijua ni wewe, umebadili mawazo. Si wewe ndiye unayepima mara tatu?"

Nikauliza, "Pua nje maana yake nini?"

Walinitazama wote wawili kana kwamba nimeuliza mlango ni wa nini.

"Pua ya kiatu ikitazama nje," mjomba alisema taratibu, "kimefika kujaribiwa. Mwite mwenyewe. Ikitazama ukuta, bado. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyomfundisha huyu. Ukiingia asubuhi unavitazama tu, vinakwambia."

Nilihisi masikio yakipata moto. Kila jioni kwa miezi sita, kabla ya kufunga, nilipita kwenye rafu na kunyoosha viatu. Namba zilikuwa visiginoni. Ili zisomeke, visigino lazima vitazame nje. Nilivikuta vingine vimegeuka nikasema moyoni, hawa wazee hawana mpangilio, nikavirudisha kimoja kimoja vitazame ukuta, kwa upendo kabisa. Nilikuwa nikifuta jioni kile mjomba alichoandika mchana.

"Hakuna aliyeniambia," nilisema.

"Ungeuliza ningekwambia." Hakuwa na hasira, alikuwa na uchovu tu. "Lakini wewe, mwanangu, ukitaka kuuliza unauliza ile tableti."

Mwanamke alikohoa kidogo. "Samahani kuwaingilia. Mimi nina Jumatatu."

Akatueleza. Idara ya kufua nguo ya hospitali kubwa ilikuwa inachukua wapiga pasi. Kazi ya kusimama zamu nzima na kusukuma vitoroli vya mashuka. Walimpenda kwa kila kitu, ila daktari wa waajiriwa alipomwona akitembea alimwambia arudi akiwa na kiatu cha kufaa. Wakampa muda. Muda ulikuwa unakwisha Jumatatu, saa mbili asubuhi. Angetembezwa ukumbini, angepandishwa ngazi, basi.

"Na hii?" Gundi alionyesha kandambili kwa kidevu.

"Hii nikiingia nayo wataniuliza kama nimekuja kuuza matairi."

Gundi alicheka, naye akacheka, kisha akaacha. Alisema nyumba yao sasa inategemea mama mkwe wake anayeshona kofia, na macho ya mama mkwe yameanza kukataa uzi. Alilisema hilo kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi," nilisema, "nitakuwa mlangoni kwako na kiatu."

Sikuwa nimemwangalia mjomba. Mwanamke akaniambia anakoishi, akanieleza njia mara mbili. Mjomba akamvika kile kiatu kisichomalizika, akamtembeza, akaweka alama kwa chaki pa kupunguza na pa kuongeza. Kisha mwanamke akafunga tena mpira wake wa baiskeli, akatoka. Tulizisikia hatua zake mpaka zikaisha: moja nzito, moja nyepesi.

"Umeahidi kwa mikono ya nani?" mjomba aliuliza.

"Yangu."

"Mikono yako inajua kushika tupa?"

"Inajua kushika msasa."

"Kazi hii ni ya siku nne. Gundi ya tabaka inataka usiku mzima. Ngozi ikivikwa inataka usiku mwingine. Nina magoti haya mawili tu, na Jumapili ndiyo siku yanapopumzika." Alikaa kwenye kigoda, akayapapasa magoti yenyewe kana kwamba anayaomba ushauri. "Lete taa karibu."

Kuna jambo sikuwaambia. Jumatatu hiyo, saa moja kamili asubuhi, kalenda yangu ilikuwa na kipande cha kijani kilichokaa pale wiki tano. Kulikuwa na shirika lililotafuta mtu wa kuzipangia kliniki ndogo kazi zao mtandaoni, kliniki arobaini, katika miji kadhaa. Niliomba, nikachujwa, nikabaki na wengine wawili. Jumatatu ningeuonyesha ubao wetu kwa watu saba kupitia kompyuta, kutoka kwenye meza ya jikoni kwa mama, ambako mtandao hushika. Mama alikwisha kufua kitambaa cha mezani. Nilikuwa nimeandaa kurasa tisa, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na maneno mawili tu: Hakuna anayesahaulika.

Nilipiga hesabu nikaona inawezekana. Nifike kwa mwanamke saa kumi na mbili, nimkabidhi, nipande basi la saa kumi na mbili na nusu, nifike nyumbani dakika kumi kabla. Niliingiza safari nzima kwenye kalenda, kwa rangi ya machungwa. Vipande viwili vilikaa kando kwa kando bila kugusana, vikanifariji.

Jumamosi tulifanya kazi sote watatu. Mjomba alichonga, Gundi alibandika, mimi nikapiga msasa mpaka kucha zikageuka rangi ya vumbi. Gundi ilipokuwa inakauka nilikaa stoo na lile sanduku, nikawapigia wateja kumi na mmoja waliobaki. Kila mmoja nilimwambia kosa ni langu. Wengine walifurahi. Mmoja alisema aliamini tumefunga. Simu moja ilipokelewa na baba mmoja, nikamweleza kwamba kiatu cha mtoto wake kilikuwa tayari kujaribiwa tangu miezi mitatu iliyopita. Akasema, "Dada yangu, mguu umeshakua." Nilimwomba amlete apimwe upya Jumanne. Alisema ataona. Alipokata, nikampigia aliyefuata.

Adhuhuri nilituma ujumbe kwa shirika, nikauliza kama naweza kusogezewa muda hata saa moja tu, kwa tahadhari. Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu chini, la haraka mno, lisingeweza kuwa limeandikwa na mtu: Asante kwa kuwasiliana nasi. Muda uliouchagua haubadilishwi. Usipohudhuria, ombi lako litahifadhiwa ghalani.

Nililijua neno hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewahifadhi watu kumi na wawili.

Nikaifuta ile kanuni ya siku arobaini. Kisha nikazunguka rafu nikivibandua vibandiko visiginoni na kuvibandika ndani ya ulimi wa kila kiatu, vinapoonekana kutoka upande wowote. Gundi alisimama akinitazama, mikono kiunoni.

"Sasa Madam, ubao wako utajuaje pua iko wapi?"

"Nitavipiga picha kila jioni kabla ya kufunga. Pua ikiwa nje, nitaisogeza kadi mwenyewe."

"Kwa hiyo mzee hatagusa tableti?"

"Mzee anaitumia tayari. Viraka vimenyooka."

Kutoka chumba cha ndani tulimsikia mjomba akicheka kwa pua, jambo ambalo sikulisikia mwezi mzima.

Jumapili alasiri kiatu kilivaa ngozi. Mjomba alikivuta juu ya kalibu, ule mguu wa mbao wa kuundia viatu, akakipigilia, akakipaka rangi nyeusi kama ya mwenzake. Alipomaliza hakuweza kunyanyuka kwenye kigoda. Mimi na Gundi tulimshika kwapa tukamwinua, yeye akisema tusimshike kama gunia.

Alinipa mfuko wenye kiatu, kipande cha msasa, kipande cha ngozi laini, na chupa ndogo ya gundi.

"Hivi vya nini?"

"Sikiliza. Hujakabidhi kiatu mpaka mtu ametembea hatua mia mbele yako. Hatua ya kumi kila kiatu ni kizuri. Kiatu kibaya kinaanza kusema hatua ya thelathini, arobaini. Akisema panauma, unarekebisha, na unaanza kuhesabu upya kutoka moja. Mimi nisingemtuma mtu, ningekwenda mwenyewe, lakini unaniona. Niahidi hatua mia."

"Nakuahidi, mjomba."

Mara moja niliingiza hatua mia kwenye kalenda. Nikazipa dakika tano.

Jumatatu nilifika saa kumi na mbili kasoro dakika nne. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili mwisho wa uchochoro, yenye uwanja mwembamba wa saruji mbele, na mistari ya kamba za nguo. Mama mkwe alikuwa amekwisha kutoa kiti. Mwanamke alikuwa amevaa gauni lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

"Tulidhani hutakuja," alisema mama mkwe.

"Mama," alisema mwanamke.

"Nasema ukweli. Wewe mwenyewe ulikuwa umeshaufunga mpira wa baiskeli."

Nilipiga goti nikamvika, nikafunga kamba. Alisimama. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa na mabega yaliyo sawa, na alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Mama mkwe alishika kidevu chake mwenyewe. Kisha akasema, "Haya, tembea. Tembea kama mtu anayekwenda kwake, usitembee kama anayeomba njia."

Nikahesabu. Kutoka mlangoni hadi mwisho wa saruji ilikuwa hatua kumi na nne. Alikwenda, akarudi. Ishirini na nane. Simu ikatetemeka begani kwangu, ndani ya mkoba. Basi lilikuwa dakika kumi na tano kutoka hapo. Thelathini na mbili, thelathini na tatu. Kwenye thelathini na nane niliona uso wake ukijikaza kidogo upande mmoja, kama mtu anayemeza dawa.

"Panauma?"

"Hapana."

"Mama, panauma wapi?"

"Hapa kwenye fundo la mguu. Lakini ni kidogo, binti. Nitavumilia. Nenda, nasikia simu inakuita."

Ni kweli ilikuwa inaniita. Niliitoa nikaiona: Ondoka sasa. Chini yake, kipande cha kijani kikisubiri. Nilifikiria meza ya jikoni na kitambaa kilichofuliwa. Nilifikiria kliniki arobaini, na watu wote ambao huenda ningewasaidia, na nilijua kwamba hayo si mawazo ya uongo. Niliyaamini na bado nayaamini. Mwanamke alikuwa amesimama kwa mguu mzima, anatabasamu, yuko tayari kuvumilia zamu nzima ya kusimama, na siku ya pili, na ya tatu, mpaka ngozi itoke.

"Kaa kidogo," nilisema.

Nilimvua kiatu. Ukingo wa ngozi ndani, upande wa fundo, ulikuwa mgumu mahali penye upana wa kidole, pale ambapo mimi nilipiga msasa Jumamosi nikiwa na haraka. Niliupiga tena, taratibu, nikiukagua kwa ngozi ya ndani ya mkono wangu kama nilivyomwona mjomba akifanya. Kisha nikapaka gundi nyembamba, nikasubiri inate, nikabandika kipande cha ngozi laini, nikakikandamiza kwa kidole gumba huku nikihesabu pumzi. Mama mkwe aliniletea kikombe cha chai, akakiweka chini. Basi langu likaondoka wakati huo, bila mimi.

Tulipokifunga tena, mwanamke akauliza, "Tulifika thelathini na nane, siyo?"

"Tunaanza moja."

"Kutoka moja kabisa?"

"Mjomba ndivyo alivyosema."

"Mzee yule," alisema, akaanza kutembea.

Moja, mbili, tatu. Jua lilikuwa limefika kwenye kamba za nguo. Arobaini ilipita, nikamtazama usoni, uso ulikuwa wake tu. Kwenye sitini na moja simu ilitetemeka kwa mtetemo mrefu, ule niliouchagua kwa mambo nisiyopaswa kuyakosa: Mkutano unaanza. Nikaigeuza kifudifudi juu ya kiti, kioo kikatazama mbao. Iliendelea kutetemeka, ikajisogeza taratibu mpaka ukingoni, na mama mkwe akaidaka kwa mkono mmoja bila kuacha kumtazama mkwewe.

Themanini na nne. Tisini. Sauti ya hatua zake kwenye saruji ilikuwa moja sasa, mguu kwa mguu, hakuna nzito wala nyepesi.

"Mia," nilisema.

Hakusimama. Alipita kamba za nguo, akapita mwisho wa saruji, akaingia uchochoroni, njia ya hospitali. Nami nikachukua msasa wangu na mkoba, nikamfuata nyuma, nikiendelea kuhesabu.